Udongo wa Uani Kwetu Si Safi

Alby, Sweden, Jumapili jioni, mwisho wa Agosti 2011

Keza mwanangu,

Salamu sikuandikii, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia unagombana na zipu ya sanduku. Hali yangu unaijua, umenipikia mchana. Umeniuliza mara mbili kupitia mlangoni ninaandika nini, nikakujibu kwamba ni malalamiko kwa wenye nyumba juu ya yule jirani anayetuibia zamu ya kufua nguo kule chini. Umeamini, maana nimeshaandika barua nyingi juu ya mtu yule. Leo amepona.

Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha huko Kigoma uendako sitayagusa. Nesi wa chanjo ameshakuhubiria, na amekuchoma sindano huku mimi nikiangalia kwa raha. Ninaandika kwa sababu ya ukurasa mmoja wa daftari lako.

Alhamisi uliliacha mezani jikoni. Ndiyo, nililifungua. Mtu mwenye siri haweki daftari karibu na sukari. Niliona umechora Kigoma kwa kalamu: gereji za karibu na stesheni, jalala la nyuma ya soko, mtaa wa wachomeleaji. Pembeni umechora nyumba ndogo yenye ua wa nyuma, na mpapai mmoja kama ufagio, na ubavuni mwake umeandika Kiswidi. Kiswidi changu ni cha kuosha mabehewa, lakini maneno yale mawili nayajua: udongo safi. Chini yake ukaeleza kwamba hapo, uani kwetu kwa zamani, ndipo utakapochukua udongo wa kulinganishia, ili mashine yako ijue kwanza udongo usio na sumu unafananaje, kabla hujapima wa gereji.

Keza, udongo ule si safi. Niliuchafua mimi.

Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi.

Umekua ukijua kwamba baba yako alikuwa fundi baiskeli. Ni kweli, ila ni nusu yake. Kabla ya baiskeli, karibu miaka mitano, nilikuwa fundi wa betri za magari. Tulipokimbia Burundi na mama yako tulifika Kigoma na godoro moja na kiburi changu, na shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha. Nilimtazama fundi mmoja wa betri kwa wiki mbili, nikajiita fundi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Betri iliyokufa naipindua, namwaga maji yake makali pale pale chini, yanatoa povu kwenye mchanga kama soda. Kisha napasua boksi kwa shoka, natoa pleti, mabamba yake ya ndani, nakung'uta unga wake, na risasi, ile metali nzito, naiyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Humo nilimimina vichwa vipya vya betri, na chubwi za kuzamishia nyavu za dagaa. Unga wa pleti ulikuwa wa kahawia na wa njano, mwembamba kama wa kupakwa usoni. Upepo ukija unaingia ndani, unakaa juu ya vyombo na juu ya kitanda. Mama yako alikuwa anafagia huku ananitukana kwa Kirundi, mimi namwambia afagie polepole, ni unga wa dhahabu.

Ng'ambo ya uzio alikaa mzee mmoja, Mzee Hamisi, mfuga kuku. Kuku wake walikuwa wanapenyeza uzio wanakuja kuchakura kwangu. Siku moja akaja ameshika kuku wawili kwa miguu, wamekufa, shingo zimepinda.

"Fundi," akasema, "kuku wangu wanakula kwako, wanakufa kwangu."

Nikamwambia, "Basi wafundishe kula nyumbani kwao, mzee. Tabia mbaya hiyo."

Wateja wangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha kidole chini, penye mtoto. "Na huyu anayechezea mchanga?"

"Mwanangu hatagi mayai," nikasema. "Usimfananishe."

Wakacheka tena. Unanijua. Mtu akinicheka nafurahi, akicheka pamoja nami nafurahi zaidi, na siku ile nilifurahi sana.

Mtoto yule alikuwa Eliya, kaka yako. Wewe unajua tu kwamba ulikuwa na kaka aliyekufa kwa degedege kabla hujazaliwa. Hatukukuambia zaidi. Basi jua kwamba alikuwa na kichwa kikubwa kama changu na alikuwa anaita wateja kwa majina. Alipofika miaka mitatu na nusu majina yakaanza kumpotea. Jana alimjua mtu, leo anamkodolea macho. Akawa mweupe viganjani, analia tumbo, hataki kula chakula ila vidole vyake haviachi mdomo. Nadhani ni kwa sababu ule unga una kautamu. Najua, niliulamba mwenyewe kuwachekesha watu.

Kisha akashikwa na degedege. Mimi nilikuwa nimekwenda Kasulu kukusanya betri mbovu. Majirani wanawake walimwambia mama yako kile alichoambiwa kila mama wakati ule, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, mpeleke kwanza akafukizwe. Akampeleka kwa mganga. Siku ya pili nikarudi, nikambeba mpaka hospitali, na huko Eliya hakufikisha jioni.

Siku ya mazishi, mbele ya wanawake wote waliokuja kukaa na mama yako, nilimwambia: "Ungempeleka hospitali siku ya kwanza, leo tungekuwa naye."

Sentensi moja tu. Ilinitoka kirahisi kama mate. Mama yako aliinamisha kichwa, na sidhani kama aliwahi kukiinua tena sawasawa.

Wiki ile ile niliacha betri. Waliponiuliza nikasema baiskeli zina raha zaidi, hazitoboi suruali. Sasa wewe msomi jiulize: kama sikujua kitu, kwa nini niliacha? Kichwani sikujua. Lakini tumbo lilijua, tangu siku ya kuku. Nililicheka tumbo langu, nikalicheka tena, mpaka likanyamaza.

Wewe ulizaliwa pale pale, miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeshakata tamaa. Na hapa nataka usome polepole, hata kwa kamusi ikibidi. Mama yako hakukuweka chini. Alikubeba mgongoni mpaka ukatimiza miaka mitatu. Akipika, uko mgongoni. Akichota maji, uko mgongoni, miguu yako inaning'inia karibu na magoti yake. Mtaa mzima ulimcheka, wakasema mtoto atasahau kutembea, na aliyeongoza kucheka nilikuwa mimi. Nilimwambia akufungulie kanga, wewe si mzigo wa kuni. Alisema tu, "Huyu hagusi chini." Hakujua chochote kuhusu risasi. Alikuwa anaogopa tu, anaogopa kila kitu, kwa sababu nilimfundisha kuamini kwamba uzembe wake ndio ulioua. Ulipotimiza minne tukahama nyumba ile. Kwa hiyo kichwa hicho unachojivunia, kilichokufikisha kwenye mashine ya leza, alikitunza mama yako kwa mgongo wake. Mimi sikuchangia hata kanga.

Hapa Alby unakumbuka mwenyewe. Ukikohoa mara mbili, mama yuko njiani na wewe kwenda kituo cha afya, theluji mpaka magotini. Ulipofika miaka kumi na mbili ukaanza kuona aibu. "Mamma, det är bara snuva," unamwambia mbele ya nesi, mafua tu haya. Na nesi anamtazama kama mwanamke asiye na akili nzuri. Jioni uliniuliza, "Pappa, mama ana nini?" Nikakujibu kwamba anapenda chumba cha kusubiri, kuna joto na magazeti ya bure. Ukacheka, na mimi nikaridhika.

Kanisani uliwahi kuuliza kwa nini wanamwita Mama Eliya na si Mama Keza, wakati Keza yupo na Eliya hayupo. Ndiyo desturi yetu, mama huitwa kwa mtoto wa kwanza, awe hai au asiwe hai. Mchungaji alitaka kumbadilishia jina ili apumzike. Alikataa. Kila Jumapili watu arobaini walimsalimia kwa jina la mtoto ambaye yeye aliambiwa kwamba amemuua, naye akaitika.

Sasa nifike kwenye mashine.

Mwaka jana, mwezi wa nne, chuoni kwako mlikaribisha familia. Magoti ya mama yalikataa ngazi za treni, nikaja peke yangu na tai. Mlitupa miwani mizito, ukanong'ona, "Pappa, usiguse kitu," ukiwa umeshanishika mkono tayari. Ukatueleza kwa Kiswidi na kwa Kiswahili chako cha kuungaunga. Kwamba leza ni mwanga uliobanwa mpaka ukawa kama ncha ya sindano. Kwamba mnasaga udongo, mnaukandamiza uwe kidonge, mnaupiga kwa mwanga huo, na punje ndogo isiyoonekana inageuka cheche. Kila kitu kikiwaka hivyo kinatoa rangi zake, chuma zake, shaba zake, zebaki zake, na mashine inazitenganisha rangi na kuzichora kwenye kioo kama vilima. Haihitaji maabara ya wiki tatu. Ta, ta, ta, umeshajua kilichomo. Nilikuelewa vizuri, kwa sababu hata mimi jikoni huwa najua kwa rangi ya moto nani amemwaga chumvi.

Nikataka kukuchokoza. Kwenye funguo zangu kuna chubwi, unaijua, ile ndogo kama kokwa ya zeituni. Nikaifungua nikasema, "Hebu ipige hii, tuone kama ni dhahabu."

Ukaipiga. Vilima vikasimama kwenye kioo, kimoja kirefu upande wa zambarau kikawapita wenzake wote. "Ni risasi tupu, pappa. Umeitoa wapi?"

"Mvuvi alinipa zawadi."

Uongo. Niliimimina mwenyewe, alama ya dole gumba iliyo pale ni yangu.

Ukaniambia nikanawe mikono, kisha ukawageukia wageni ukaeleza risasi inamfanya nini mtoto mdogo. Ulitaja kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Tumbo. Kukosa damu. Kusahau maneno aliyokuwa anayajua. Mwishoni degedege. Ukasema mtoto anailamba kutoka ardhini, na ardhi haiisahau, haiozi wala haiendi popote, itakuwepo hata tukiwa hatupo.

Mimi nikauliza, "Na kuku je?"

Watu wakacheka. Ulinikazia macho ukaninong'oneza, "Pappa, sluta," yaani niache. Kisha kwa kuwa wewe ni mtu wa haki ukanijibu kwa sauti: "Kuku pia."

Nilirudi kwa treni nikapitiliza Alby mpaka mwisho wa reli, Norsborg, mfanyakazi mmoja akaja kuniambia kwa upole kwamba treni haiendi mbele zaidi. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa ameweka maharage mezani. Akauliza, "Umeona nini huko?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, Keza. Alikuwa amekaa, mlango umefungwa, tuko wawili. Ningesema, si wewe, mama, ni mimi, hata mganga hakuharibu kitu ambacho sikuwa nimeshakiharibu. Nikasema, "Nimemwona mwanao anachoma mawe kwa tochi, na serikali inamlipa." Alicheka mpaka akashika kifua. Nikaona amefurahi, nikajiambia kesho.

Nilikuwa na miezi minane ya kesho. Uliona mwenyewe jinsi alivyopungua. Mwezi wa kumi na mbili, hospitali, ulikwenda kutafuta kahawa, akanishika kidole, si mkono, kidole. Akasema, "Baba Eliya, nikifika, mtoto ataniuliza kwa nini nilimpeleka kufukizwa kwanza. Nitamjibu nini?"

Na mimi, mwenye mdomo usiokosa neno, nikamwambia, "Watoto husahau. Atakuwa ameshasahau."

Akatikisa kichwa kwamba hapana. Ukaingia na kahawa. Siku mbili baadaye alikufa, akiwa bado anatafuta jibu ambalo lilikuwa limekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, limevaa koti langu.

Ningeweza kukuambia haya uso kwa uso. Nimejaribu mara tatu tangu Alhamisi. Jana ukiwa unapiga pasi nikaanza, "Keza, unajua kuhusu ule ua wa Kigoma," ukasema, "Ndiyo pappa, ambapo mbuzi alikula suruali yako," nikajikuta nasimulia ya mbuzi tena, na kuongeza chumvi. Mdomo wangu unajua njia moja tu. Ndiyo maana nimeupumzisha, natumia mkono.

Na wala usidhani nimekaa tu. Unakumbuka picha aliyokutumia Jeremia, kijana anayeishi kwenye nyumba ile sasa, atakayekupokea? Wewe ulitazama mpapai. Mimi niliona mtoto aliyekaa chini mbele yake, miguu wazi, mkono mdomoni. Leo asubuhi ulipokwenda kuagana na rafiki zako nikampigia simu Jeremia. Nikamwambia, mwanangu, watoto wasicheze pale nyuma, ule udongo una sumu, niliimwaga mimi.

Akacheka. "Mzee na wewe. Sumu gani, umezika mchawi?"

"Sumu ya betri. Nasema kweli."

"Haya mzee, na yule mbuzi wa suruali naye alikufa kwa sumu?"

Nikasema Jeremia, sikiliza. Akamwita mkewe aje asikie mzee wa Sweden anavyotania. Nikasikia mke anacheka, na nyuma yake mtoto anacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Nimetumia miaka sabini kuwafundisha watu wasiniamini, na kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko betri.

Kwa hiyo imebaki wewe na mashine yako. Barua hii nitaichomeka kwenye daftari, ukurasa ule ule. Uufute ule udongo safi. Tafuta mwingine mbali, ambako sijakanyaga, la sivyo vipimo vyako vyote vitapotoka kwa ajili yangu, na gereji zitaonekana safi kwa sababu unazilinganisha na kwetu.

Lingine ni hili, na ni la mtu aliyekosea, si la mwalimu. Siku utakayokuwa na majibu, watakusanyika akina mama. Ukitaja sumu na mtoto, kila mmoja ataanza kimya kimya kuhesabu alichofanya yeye: alimpa uji gani, alimpeleka wapi, alichelewa siku ngapi. Nimeishi na mwanamke aliyehesabu hivyo zaidi ya miaka thelathini, nilikuwa namsikia akihesabu huku anakunja shuka. Basi kabla ya namba zako, kabla ya vilima vyako vya rangi, waambie si wao. Waambie mara mbili. Halafu washa mashine.

Watauliza nani alimwaga. Usiseme fundi fulani wa zamani. Taja jina langu, useme ni baba yako, na yuko hai, na anajua. Sikuombi unisamehe. Mwenye haki ya kunisamehe nilimwacha aondoke bila kumpa nafasi. Ila ukinipigia simu usinifariji, nisomee namba kama unavyomsomea mtu mwingine, na mimi nitasikiliza bila kusema chochote.

Sasa mahali penyewe. Toka mlango wa nyuma, geuka kushoto, hesabu hatua saba za mtu mzima. Mpapai haukuwepo wakati wangu, usikupoteze. Tafuta jiwe bapa lililozama ardhini, jeusi upande mmoja. Hapo nilikuwa naweka sufuria ya kuyeyushia. Pembeni ya jiwe, upande wa nyumba, kulikuwa na kishimo kidogo, Eliya alikichimba kwa makalio yake kwa kukaa siku zote mahali pamoja. Uani kulikuwa na kivuli kizuri kwingineko, na mama yako alikuwa anamhamishia huko kila siku, akigeuka tu mtoto amerudi. Alikuwa anakaa pale kwa sababu mimi nilikuwa nakaa pale.

Anza kupima hapo.

Baba yako